Tano Isiyo Chini ya Nne: Uongozi wa Nje ya Darasa Katika Kesi ya Harvard

Oktoba 2018, katika mahakama ya shirikisho mjini Boston, karatasi ambazo ofisi ya udahili ya Chuo Kikuu cha Harvard ilizitunza kama mapishi ya siri zilianza kusomwa mbele ya waandishi wa habari. Kesi ilihusu rangi. Chama cha Students for Fair Admissions, kilichoanzishwa na Edward Blum, kilikuwa kimefungua shauri Novemba 2014 kikidai kwamba chuo kinawabagua waombaji Wamarekani wenye asili ya Asia. Wengi waliifuatilia kwa sababu hiyo, na ndivyo inavyokumbukwa mpaka leo. Mimi niliisoma kwa jambo jingine: ilituonyesha, kwa namba, kiranja ana uzito gani kwenye meza ya udahili.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi swali hili huenda likaonekana la ajabu. Kwetu mlango wa chuo unafunguliwa na matokeo. Tanzania, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inatazama ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita na jumla ya pointi zake. Kenya, KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, inapiga hesabu za klasta, yaani pointi za makundi ya masomo. Uwe ulikuwa kaka mkuu wa shule nzima, au hujawahi hata kushika daftari la kuandika majina ya wapiga kelele, mfumo haukuulizi. Ndiyo maana kijana wetu anayeomba nafasi Marekani, akifungua Common App, fomu moja ya maombi inayopokelewa na vyuo vingi vya huko, na kukuta nafasi 10 za shughuli, kila moja na kisanduku chake cha cheo, huanza kukuna kichwa. Wengine huanza kutunga.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu hii mengine yote yanaonekana anasa. Kwa darasa lililotarajiwa kuhitimu 2019, Harvard ilipata maombi zaidi ya 35,000 kwa nafasi zipatazo 1,600. Ukiwatazama Wamarekani peke yao, waliokuwa kama 26,000, zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani wa alama usio na doa. Waliopata alama zote za hisabati katika SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, walikaribia 3,500. Waliopata zote katika lugha walikaribia 2,700. Chuo kingeweza kujaza darasa lote kwa wenye alama kamili za hisabati, kikabaki na wengine wengi nje ya geti. Mtihani ulikuwa umefika mahali hauchambui tena. Ni kama chekeche yenye matundu makubwa, unga na pumba vinapita pamoja. Hapo ndipo uongozi, mpira, gazeti la shule na kwaya vilipopata thamani yake, na thamani hiyo ina upande wake mchafu ambao nitaufikia.

Kazi ofisini ilikwenda hivi. Waombaji waligawanywa katika kanda zipatazo 20, kila kanda na kikosi chake cha maofisa. Msomaji wa kwanza alifungua faili, akapitia matokeo, insha, barua za walimu, ripoti ya mshauri wa shule na orodha ya shughuli, kisha akatoa alama nne kuu: masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo, na utu wa mwombaji. Juu yake iliwekwa alama ya jumla, ambayo haikuwa wastani wa zile nne. Kutoka hapo faili lilikwenda kamati ndogo ya kanda, na mwisho kamati kamili ya watu wapatao 40, uamuzi ukapita kwa wingi wa kura.

Alama zilianzia 1 hadi 6, na Mtanzania aliyezoea divisheni hapati shida: namba ndogo ndiyo bora. Ukisoma maelezo ya alama ya shughuli, unakutana na mambo mawili ambayo washauri wengi wa maombi hawayasemi vizuri.

Alama ya 1 ilikuwa ya aliyefikia kiwango cha taifa, au aliyekwisha kufanya jambo kama mtaalamu kamili. Hao ni wachache mno. Alama ya 2 ilikuwa ya mchango mkubwa katika shule, na mwongozo ulitoa mfano wa rais wa darasa na mhariri wa gazeti la shule, pamoja na kutambuliwa katika eneo au mkoa. Alama ya 3 ilikuwa ya aliyeshiriki vizuri bila jambo la kumtofautisha. Alama ya 4 ilikuwa ya asiyeshiriki, au aliyeshiriki kidogo sana.

Soma tena alama ya 2. Rais wa darasa, mtu ambaye kijijini angesindikizwa na ngoma kwa kupata nafasi Harvard, hakuwa na 1. Cheo cha shule, hata kikiwa kikubwa kuliko vyote hapo shuleni, kilimfikisha ngazi ya pili. Sababu iko wazi: Marekani ina shule za sekondari zaidi ya 20,000, na kila moja ina rais wake, nahodha wake na mhariri wake. Vyeo hivyo peke yake vingejaza madarasa ya Harvard mara kadhaa. Basi cheo kilikupandisha kutoka kundi la washiriki hadi kundi la wanaozungumzwa, na hapo kikakuacha. Kilichobaki ni kile ulichokifanya ukiwa nacho, na msomaji alikitafuta katika barua za walimu na kwa mhitimu wa zamani aliyemhoji mwombaji. Uenyekiti wa klabu ya mazingira ambao hakuna mwalimu anayeutaja popote ulibaki maneno matupu ndani ya kisanduku.

Jambo la pili ni lile lililonifanya niandike haya. Baada ya 4 mwongozo ulikuwa na 5 na 6. Macho yaliyozoea divisheni yangedhani hizo ni sifuri na chini ya sifuri. Kumbe hapo ngazi ilikuwa imekwisha, na hizi zilikuwa rafu ya pembeni. Alama ya 6 ilikuwa ya aliyezuiwa na hali maalumu, kama maradhi au ulemavu. Alama ya 5 ilikuwa ya kijana mwenye shughuli nzito nje ya zile zilizozoeleka: majukumu ya familia, au kazi ya kipato wakati shule imefunguliwa. Msomaji alielekezwa aichanganye na shughuli nyingine ili impandishe mwombaji, au aiache 5 ilivyo kama ndiyo inayoeleza vizuri zaidi maisha ya kijana huyo.

Kwa hiyo ofisi iliyosifika kwa kuokota wapiga zeze na manahodha wa kupiga makasia ilikuwa na kisanduku, kwenye karatasi zake za ndani, cha binti anayelea wadogo zake. Nani alijua? Mtoto wa wakili wa Boston hakukihitaji. Mtoto wa mfanya usafi alikihitaji, na yeye ndiye ambaye hakuna mtu wa kumwambia kipo. Kijana asipoyaandika mwenyewe majukumu hayo kwenye fomu, msomaji alikuta orodha fupi, na orodha fupi ni 4. Tofauti ya 4 na 5 haikuwa katika maisha ya kijana, maana maisha ni yaleyale. Ilikuwa katika kujua kwamba kupika na kuuza dukani kunastahili kuandikwa mahali palepale panapoandikwa mdahalo na skauti.

Hapa napenda kuwa wa haki kwa chuo. Kuwepo kwa alama hiyo kunaonyesha mtu fulani ndani aliliona tatizo. Lakini kisanduku cha siri ni msaada wa nusu.

Uongozi haukuishia kwenye alama ya shughuli. Ulirudi tena mlango wa nyuma, kwenye alama ya utu. Ushahidi wa mahakamani ulitaja sifa ambazo alama hiyo ilizipima: uadilifu, ujasiri, wema, kujali wengine, kujiamini, ukomavu, namna mtu anavyopokea pigo, na uwezo wa kuongoza. Tabia ileile ilipimwa mara mbili, kwanza kama matendo, kisha kama haiba. Na hapo ndipo mzizi wa kesi yote ulipokuwa. Katika masomo na katika shughuli za nje ya darasa, waombaji wenye asili ya Asia kwa wastani walifanya vizuri kuliko Wazungu. Katika alama ya utu walishuka chini yao. Watu walewale wenye vyeo na shughuli nyingi kwenye orodha, walipofika kwenye ukurasa wa haiba, walionekana pungufu.

Walalamikaji walisema huo ndio ubaguzi wenyewe. Harvard ikajibu kwamba alama hiyo inatokana na barua za walimu na washauri wa shule, na kama kuna upendeleo huenda umeanzia huko. Jaji Allison Burroughs, katika hukumu yake ya 30 Septemba 2019, aliipa Harvard ushindi. Hakuona nia ya kubagua. Hata hivyo hakusema mfumo hauna kasoro. Alikiri kwamba upendeleo usiokusudiwa ungeweza kuwa umechangia, na akashauri maofisa wapewe mafunzo juu yake. Novemba 2020 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye.

Kabla tu ya kesi kuanza kusikilizwa, Harvard yenyewe ilikuwa imeandika upya maelekezo ya alama ya utu. Wasomaji waliambiwa rangi isitumike katika alama hiyo. Na jambo moja likaongezwa ambalo lilipita bila kelele: kwamba sifa zisizoambatana na ucheshi na uchangamfu zithaminiwe vilevile, na mwombaji mwenye tafakuri, anayeona mbali au anayejitoa kwa dhati apewe alama nzuri. Kwa maneno mengine, waliambiwa kiongozi si lazima awe mpayukaji. Ilihitaji shauri la miaka minne kuliandika jambo ambalo bibi yeyote wa pwani angewaambia barazani bila malipo.

Upande mchafu niliouahidi una historia. Harvard haikuanza kupima uongozi kwa sababu ya wingi wa wenye alama kamili. Miaka ya 1920 rais wa chuo, A. Lawrence Lowell, alikereka na idadi ya wanafunzi Wayahudi walioingia kwa kufaulu mitihani. Mwaka 1922 alitaka pawe na kikomo cha idadi yao. Walimu wa chuo wakakataa jambo la waziwazi namna hiyo. Mwaka 1926 njia nyingine ikapatikana: kutazama tabia na haiba ya mwombaji, mambo ambayo mtihani hauyapimi na ambayo ofisi inaweza kuyaona inavyotaka. Idadi ya Wayahudi ikashuka. Kipimo kilichobuniwa kumfungia mtu nje hakiwi kiovu milele, vipimo hubadilishwa kazi. Lakini ukisikia kwamba alama ya haiba imewashusha watoto wa wahamiaji wanaosoma sana, utaelewa kwa nini wengine walikumbuka mbali.

Siku hizi kipimo kinachuja kitu kingine, nacho ni fedha. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walitoa utafiti juu ya vyuo 12 teule vya Marekani, Harvard kikiwemo. Walikuta kwamba mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 ya matajiri alikuwa na nafasi ya kudahiliwa zaidi ya mara mbili ya mtoto wa familia ya kipato cha kati mwenye alama zilezile za SAT. Walipochambua pengo hilo, sehemu kubwa kabisa ilitokana na upendeleo kwa watoto wa wahitimu wa zamani. Sehemu nyingine ilikuwa wanamichezo walioalikwa na makocha. Na karibu theluthi ilitokana na alama zisizo za masomo, yaani shughuli, uongozi na haiba. Mwaka huohuo watafiti wengine walipitia maombi yanayokaribia milioni 6 ya Common App. Waliotoka shule binafsi na familia zenye uwezo waliorodhesha shughuli nyingi zaidi, na zenye vyeo zaidi. Sioni cha kushangaza. Shule yenye wanafunzi 400 na klabu 60 inazalisha wenyeviti kama mvua inavyozalisha kumbikumbi. Shule yenye wanafunzi 3,000 na klabu nane ina wenyeviti wanane.

Na penye kipimo kinachonunulika hakukosi dalali. Machi 2019, miezi michache baada ya ushahidi wa Boston, waendesha mashtaka mjini humohumo walimfikisha mahakamani William Rick Singer, aliyekuwa akiwatengenezea watoto wa matajiri wasifu wa uongo wa michezo, hadi picha za kupangwa za michezo wasiyoicheza. Januari 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Mzazi wa kwetu anayemwambia mwanawe aandike kwamba alianzisha shirika la kusaidia yatima, wakati shirika lina nembo na ukurasa mmoja wa mtandaoni tu, hajafika kwa Singer. Ila barabara ni ileile, amepanda tu kituo cha nyuma.

Kesi yenyewe ilifika mwisho 29 Juni 2023. Mahakama ya Juu ya Marekani iliipindua hukumu ya Burroughs kwa kura 6 dhidi ya 2; kura hazikufika tisa kwa kuwa Jaji Ketanji Brown Jackson alijitoa, alikuwa amekaa kwenye bodi mojawapo ya chuo hicho. Kuipa rangi uzito wake yenyewe katika udahili kukapigwa marufuku. Magazeti yaliandika hilo. Lakini karibu na mwisho wa hukumu ya Jaji Mkuu John Roberts kuna kifungu ambacho kwa kisa chetu ndicho kiini. Alisema hakuna kinachozuia vyuo kusoma yale mwombaji anayoeleza kuhusu namna rangi ilivyogusa maisha yake, mradi faida atakayopewa itokane na yeye mwenyewe. Akatoa mifano miwili. Mmoja ni wa aliyeshinda ubaguzi: apewe kwa ujasiri na bidii yake. Wa pili ni wa yule ambaye asili yake au utamaduni wake ulimsukuma kushika uongozi au kufikia lengo fulani: apewe kwa kile cha pekee anachoweza kukichangia chuoni.

Uongozi, basi, uliokuwa kisanduku kimoja kati ya vinne, ukawa mojawapo ya njia chache halali ambazo asili ya mtu inaweza kupitia hadi mezani. Sidhani Roberts alikusudia kuupa uzito wote huo. Ila ofisi za udahili husoma hukumu kama hamali anavyousoma mzigo, zinatafuta pa kushika.

Harvard ilishika haraka. Kwa msimu wa maombi ulioanza mwaka huohuo, insha yake ya ziada ya hiari iliondolewa, yakaja maswali mafupi matano ya lazima, kila moja lisizidi maneno 200. Mojawapo lilimwomba mwombaji aeleze shughuli za nje ya darasa, kazi ya kipato, safari, au majukumu ya familia yaliyomjenga. Majukumu ya familia yameandikwa humo waziwazi, kwenye swali ambalo kila mwombaji analisoma. Ile 5 iliyojificha kwenye mwongozo wa ndani imetoka rafuni.

Turudi kwa kijana wetu na fomu yake. Common App inampa nafasi 10, na kila moja ina herufi 150 za maelezo, kisanduku cha cheo, idadi ya saa kwa wiki na idadi ya wiki kwa mwaka. Katika orodha ya aina za shughuli, majukumu ya familia yamo, na kazi ya malipo imo. Mara nyingi, nikiletewa rasimu, mstari wa kwanza husomeka hivi: mwanzilishi na rais, klabu ya mabadiliko ya tabianchi, saa 2 kwa wiki, wiki 10. Huuliza klabu ilifanya nini. Kimya. Kisha huuliza: ukitoka shule unafanya nini? Jibu huja kwa unyonge, kama mtu anayeungama, na tukilipanga vizuri linaweza kukaa hivi, juu kabisa ya orodha:

Majukumu ya familia. Nalea wadogo watatu tangu mama augue: kupika, kukagua madaftari yao, kusimamia genge jioni na hesabu zake. Saa 25 kwa wiki, wiki 52.